Kompyuta Iliyokaribisha na Kufukuza: Lugha, Ufundi na Amana Katika Marikiti

Aghalabu mjadala kuhusu Kiswahili na teknolojia hufanyika katika kumbi za makongamano, mbele ya wataalamu waliobeba orodha ndefu za istilahi. Ni nadra mjadala huo kushuka hadi sokoni, ilhali ni huko ambako maneno mageni hupimwa kwa mizani ile ile ipimayo iliki na pilipili manga. Marikiti, soko kuu la kisiwa cha Mombasa lililo kando ya barabara ya Digo, mahali ambapo Mji wa Kale hupakana na mji mpya, ni ushahidi wa jambo hili. Jina la kikoloni la soko hilo, Mackinnon, limebaki katika ramani na vitabu vya wageni. Wenyeji walilichukua neno la kawaida la Kiingereza lenye maana ya soko, wakalitia irabu likaketi vizuri kinywani, na leo hakuna anayeliuliza neno hilo lilitoka wapi. Neno lililopokelewa namna hiyo huwa mali ya wanaolitumia. Hata hivyo, si kila neno geni liingialo sokoni hupokelewa hivyo. Mengine huingia yakiwa yamefungwa, na anayeambiwa hayo hulazimika kukubali asichokijua.

Makala haya yanahusu neno moja la aina hiyo ya pili, yaani "kufomati", pamoja na siku chache za mwezi wa Septemba mwaka 2005 ambapo neno hilo lilikaribia kumpokonya mfanyabiashara mmoja daftari lake.

Mfanyabiashara huyo alikuwa mjane wa makamo aliyerithi kutoka kwa mumewe duka la viungo katika moja ya vichochoro vinavyotoka Marikiti kuelekea Mji wa Kale. Aliuza kwa jumla karafuu, mdalasini, jira, manjano na iliki, na wateja wake wengi walikuwa wachuuzi wa Likoni, Kongowea, Malindi na Lamu ambao walichukua bidhaa kwanza na kulipa baadaye. Biashara ya namna hii husimama juu ya mambo mawili, imani na maandishi. Wahenga walikwisha kusema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari, na mama huyu aliuzingatia usemi huo kikamilifu. Kila kitu kilichotoka dukani, hata mfuko mtupu, sharti kiandikwe. Tangu mwaka 2001 madaftari ya karatasi yalikuwa yamehamishiwa katika kompyuta iliyotumia mfumo wa Windows XP. Humo mlikuwa na madeni ya miaka 4, pamoja na orodha ya kina mama 20 wa mchezo waliomkabidhi uwekaji wa hesabu zao: nani amekwisha kupokea, nani anangoja zamu yake.

Ramadhani ya mwaka huo ilikuwa ianze mwanzoni mwa Oktoba. Kila mkaazi wa pwani anafahamu maana ya wiki zitanguliazo mwezi huo kwa muuza viungo. Ni wakati wa kukusanya madeni ya zamani na kutoa mali mpya. Ni katika wiki hizo ambapo kompyuta ilianza tabia ya ajabu. Iliwaka kama kawaida, ikaonyesha jina la mwenyewe, ikaomba nywila, nayo nywila ilipoandikwa ikakubaliwa. Skrini ikatoa neno la kukaribisha na kutangaza kwamba mipangilio ya mtumiaji inapakiwa. Kisha, kabla ya mtu kuvuta pumzi mara mbili, ikatangaza kwamba mipangilio hiyo inahifadhiwa na kwamba mtumiaji anatolewa. Ukurasa wa nywila ukarudi pale pale. Mama akajaribu tena, mara 3, mara 10. Akajaribu kijana wa nduguye, mwenye umri wa miaka 17, aliyemsaidia kuingiza hesabu, naye akapata jawabu lile lile. Hata walipoiwasha kwa hali salama, ambayo huiamsha mashine ikiwa na mambo ya lazima tu, ilikaribisha na kufukuza vivyo hivyo.

"Kompyuta hii yanijua," mama alilalamika, "kisha yanifukuza. Lau ingenikana nywila, ningesema nimesahau. Yasema karibu, kisha yanitoa!"

Fundi wa kwanza kuitwa alikuwa kijana mwenye haraka. Aliiwasha mashine mara 2, akatikisa kichwa, akatoa hukumu: "Hii ni kufomati tu, mama. Sistimu imekorapti." Katika maneno hayo yote mama alilielewa neno moja peke yake, nalo ni "tu". Neno hilo humaanisha kwamba jambo ni dogo, halina gharama, wala halistahili kuulizwa zaidi. Kwa hiyo alikuwa karibu kukubali, kwani mtu hukubali upesi jambo dogo linalotajwa na mjuzi. Kilichomzuia ni mazoea ya miaka mingi ya kutoidhinisha mzigo usiofunguliwa. Alimuuliza kijana, "Mwanangu, hilo neno, ukinambia kwa lugha ya nyumbani, ni kufanya nini?" Kijana akafikiri kidogo, akasema ni kama kutoa vyombo vyote vya chumbani, kuvitupa, na kupaka chokaa upya. "Na daftari langu?" Litakwenda na vyombo. Mama akamshukuru kwa kufika kwake, akampa nauli, na kazi ikasimama.

Ni muhimu msomaji akaitua hapa. Fundi yule hakuwa mwongo wala mwizi. Tiba aliyoitaja ingeifanya kompyuta iwake na ifanye kazi. Tofauti baina ya kupona kwa mashine na kupotea kwa amana za watu ilikuwa imefichika ndani ya kitenzi kimoja ambacho msemaji hakuona haja ya kukifafanua. Mfano wa chumba na chokaa, ambao mama aliudai, ndio uliozirejesha mali zake katika mikono yake mwenyewe. Lugha ilifanya kazi hiyo kabla bisibisi haijagusa parafujo yoyote.

Fundi wa pili alikuwa mtu mzima wa Kibokoni aliyekuwa ametengeneza redio kwa miaka mingi kabla ya kujifunza kompyuta. Huyu hakuigusa mashine kwanza. Aliketi, akanywa kahawa, akauliza: "Dada, kabla ya jambo lolote, nambie. Siku ya mwisho ilipofanya kazi, ni kitu gani kilichoingia, na ni kitu gani kilichotolewa?"

Kijana akaeleza kwa aibu. Alikuwa amepakua kutoka intaneti programu ya bure ya kusikilizia muziki. Tangu siku hiyo matangazo yalizuka katika skrini bila kuitwa. Rafiki yake akamletea katika sidii programu ya kusafisha mashine, naye akaitumia. Ilipata vitu kadhaa vibaya, ikavifuta, ikaomba mashine izimwe na kuwashwa upya. Tokea hapo mlango ukafungwa. "Ilifuta vitu gani?" fundi akauliza. Hapo ndipo malezi ya dukani yalipojitokeza. Kwa kuwa shangazi yake alimfunza kuandika kila kitokacho, kijana alikuwa ameyanakili majina ya faili zote zilizofutwa nyuma ya daftari lake la shule. Katika orodha hiyo fundi aliliona jina moja, wsaupdater.exe, akatabasamu.

Ili kuelewa tabasamu hilo, yafaa kueleza namna mfumo wa Windows XP unavyompokea mtumiaji, na hakuna mfano ulio karibu zaidi na msomaji wa Kiswahili kuliko ule wa nyumba ya Mji wa Kale. Mgeni hufika barazani akabisha hodi. Sauti kutoka ndani humuuliza ni nani. Akijitambulisha na akatambulikana, huambiwa karibu. Lakini neno "karibu" peke yake haliondoi komeo. Lazima mtu ashuke ngazi, afungue mlango, amtangulie mgeni hadi ukumbini na kumwonyesha mahali pa kuketi. Katika Windows XP, sauti inayouliza na kutambua ni programu iitwayo Winlogon. Nywila ikishakubaliwa, Winlogon humtuma mtumishi wa mlango, programu ndogo iitwayo userinit.exe. Mtumishi huyu huandaa mazingira ya mtumiaji, huunganisha mitandao yake, kisha huiamsha explorer.exe, ambayo ndiyo hutandaza eneokazi lenye faili na vitufe vyote. Winlogon haimjui mtumishi kwa sura. Hulitafuta jina lake katika rejista ya mfumo, katika mstari uitwao Userinit. Jina lililoandikwa hapo ndilo liitwalo. Likiitwa na asiitikie mtu, Winlogon huhesabu kwamba shughuli ya mgeni imekwisha, na humtoa. Ndiyo maana mashine hukaribisha na kufukuza kwa pumzi moja.

Mnamo mwaka 2004 na 2005 ilienea programu pelelezi iliyojulikana kwa jina la BlazeFind. Hila yake ilikuwa kuingia katika mstari huo wa rejista, kuliondoa jina la userinit.exe na kuliweka jina la wsaupdater.exe. Kwa njia hiyo, kila mtumiaji alipoingia, mpelelezi ndiye aliyefungua mlango, akaamka pamoja na mwenye nyumba kila asubuhi. Ilipofika programu ya kusafisha, ilimtambua mpelelezi na kumfuta, lakini haikulirekebisha jina katika rejista. Kwa maneno mengine, mwizi aliuawa ufunguo ukiwa mfukoni mwake. Mtumishi halali, userinit.exe, alikuwa bado hai ndani ya nyumba, mzima wa afya, ila hakuna aliyemwita kwa kuwa jina lake halikuwa tena katika orodha.

Fundi alimweleza mama mambo hayo kwa mfano wa hodi na komeo, kisha akamwambia atakalolifanya na kwa mpangilio gani. "Kwanza twatoa amana," alisema, "kisha ndipo tushughulike na mlango." Alifungua kasha la kompyuta, akaichomoa diski kuu, akaipachika kama diski ya pili katika mashine yake mwenyewe. Kwa kuwa mashine ya fundi ilikuwa na mlango wake mzima, iliweza kuitazama diski ya mama kana kwamba ni kabati la nyumba jirani. Faili za hesabu zikaonekana. Alipozifungua, mama aliinama karibu na skrini akasoma majina ya wadeni wake moja baada ya jingine kwa sauti ndogo, kama mtu anayehesabu watoto waliotoka baharini. Kisha akasoma majina ya kina mama wa mchezo, wote 20. Fundi akanakili kila kitu katika sidii 2, moja akampa mama mkononi, ya pili akaifunga katika bahasha, kwani akiba haiozi.

Baada ya hapo matengenezo yenyewe yalichukua muda mfupi kuliko kahawa. Ndani ya folda ya system32 ya diski ya mama, fundi alitengeneza nakala ya userinit.exe na kuipa jina la marehemu, wsaupdater.exe. Alimvisha mtumishi mwaminifu jina la mwizi, ili aitwapo kwa jina hilo aitike. Diski ikarudishwa mahali pake, mashine ikawashwa, nywila ikaandikwa, na eneokazi likatanda. Fundi ambaye hana mashine ya pili angeweza kufika pale pale kwa kuiwasha kompyuta kutoka katika sidii ya Windows XP, kubonyeza herufi R ili kuingia katika sehemu ya uokoaji, na kuandika amri ya kunakili faili hiyo kwa mkono.

Lakini kazi haikuwa imekwisha, maana nyumba haiendeshwi kwa jina la uongo. Fundi aliifungua rejista, akaufuata mstari wa Userinit, akalifuta jina la wsaupdater.exe, na mahali pake akaandika C:\WINDOWS\system32\userinit.exe na kumalizia kwa koma. Kijana, akiwa mwanafunzi, alishangaa kuona koma mwishoni mwa maandishi. Shuleni alifunzwa kwamba sentensi humalizikia kwa nukta. Fundi akamweleza kwamba katika mstari huo koma hutenganisha jina na jina, na kwamba mfumo huruhusu programu nyingine ziandikwe baada yake ziitwe pamoja na ya kwanza. Ndiyo sababu baadhi ya programu haribifu hujipenyeza hapo. Hazihitaji kumwondoa mtumishi, huongeza majina yao mbele ya koma na kuingia naye. Basi fundi mwangalifu hukagua kilichoandikwa baada ya koma kama vile mwenye duka anavyokagua kilichoandikwa chini ya jumla. Mwishowe nakala yenye jina la mwizi ikafutwa, mashine ikazimwa na kuwashwa mara 2, na kila mara ikakaribisha na kufungua.

Yamkini msomaji atauliza ni kwa nini kisa cha kompyuta moja ya zamani kiandikwe katika jarida la Kiswahili. Windows XP yenyewe iliacha kuhudumiwa na watengenezaji wake tarehe 8 Aprili 2014. Ni kweli, hata hivyo ugonjwa huu haukuzikwa pamoja nayo. Katika matoleo ya baadaye ya Windows mtumiaji anaweza bado kukubaliwa na kisha kukataliwa, mara nyingi kwa sababu wasifu wake umeharibika. Katika mifumo ya Linux mtu huweza kurudishwa kwenye ukurasa wa nywila kwa sababu diski imejaa, au faili fulani ya nyumbani kwake imeandikishwa kwa jina la mwenye mamlaka mwingine. Sababu hubadilika, na kanuni hubaki: kutambuliwa ni hatua moja, kupokewa ni hatua ya pili, na hitilafu ikiwa katika hatua ya pili hakuna haja ya kuibomoa nyumba. Tena siku hizi diski nyingi hufungwa kwa usimbaji. Anayetaka kuitazama diski ya aina hiyo kutoka mashine nyingine, ikiwa imefungwa kwa BitLocker, huombwa ufunguo wa uokoaji wa tarakimu 48. Asiyeambiwa kwa lugha aielewayo kwamba ufunguo huo upo na unapaswa kuhifadhiwa, ataugundua umuhimu wake siku ambayo hana nafasi tena ya kuutafuta.

Hapa ndipo wanafunzi na walimu wa Kiswahili wanapohusika moja kwa moja. Haitakuwa haki kusema kwamba wataalamu wa lugha wamelala. Mwezi wa Desemba mwaka 2004, chini ya mradi wa Kilinux ulioendeshwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilitolewa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Kampuni ya Microsoft nayo ilitoa violesura vya Kiswahili kwa bidhaa zake. Istilahi zimeundwa kwa wingi: tarakilishi, ngamizi, nywila, tovuti, baruapepe. Shule za Kenya zimefundisha "tarakilishi" kwa bidii, ingawa Marikiti wanasema "kompyuta" na "paswadi" na mambo yao yanakwenda. Ubishi kuhusu lipi kati ya majina haya ni sahihi umekula kurasa nyingi za majarida.

Hata hivyo, kisa cha duka la viungo kinaonyesha upungufu wa aina nyingine. Mama yule hakukwama kwa kukosa jina la mashine. Alikwama katika kitenzi, na zaidi ya kitenzi, katika maelezo ya matokeo yake. Hata kama kamati ingekuwa imekwisha kuunda kisawe safi cha "kufomati", na fundi wa kwanza angekitumia kwa ufasaha, mama angebaki gizani vile vile, kwani kisawe kipya huwa kigeni sawa na neno la mkopo mpaka mtu akifungue. Kilichomwokoa ni mfano wa chumba na chokaa, na baadaye mfano wa hodi na komeo. Mifano hiyo haikuundwa na kamati yoyote. Imo katika lugha, inawangoja wanaoweza kuitumia. Fundi wa Kibokoni hakuwa msomi wa isimu, lakini alijua kwamba mwenye mali anastahili kuelezwa hatima ya mali yake kabla mkono haujanyooshwa.

Kwa mantiki hiyo, kazi ya uundaji istilahi, japo ni ya lazima, haitoshi. Vyama vya Kiswahili vya vyuo vikuu vina vijana wanaotoka miji na masoko ya Afrika Mashariki nzima, wengi wao wakiwa ndio wanaoitwa nyumbani kila simu au kompyuta inapogoma. Vijana hao wangeweza kukusanya maelezo ambayo mafundi hodari huwapa wateja wao huko Marikiti, Kariakoo, Darajani na Gikomba, wakayalinganisha, wakayaandika katika vijitabu vyepesi ambavyo mwenye duka anaweza kuviweka kando ya mizani yake. Katika kila ukurasa swali la kwanza lingekuwa lile la mama: jambo hili litafanya nini kwa daftari langu? Utafiti wa namna hiyo ungeinufaisha leksikografia na ungelinda amana za watu kwa wakati mmoja.

Ramadhani ya mwaka 2005 ilipoandama, madeni mengi ya duka lile yalikuwa yamekusanywa na mchezo wa kina mama uliendelea kwa zamu zake. Tangu hapo kila Alhamisi jioni hesabu zote hunakiliwa na kuwekwa nje ya duka, na tarehe ya kunakili huandikwa kwa wino katika daftari la karatasi ambalo mama alilinunua wiki ile ile. Katika ukurasa wa kwanza wa daftari hilo aliandika sharti kwa mafundi wote watakaokuja: asiyeweza kusema kwa lugha ya nyumbani anachotaka kufanya, asifungue kasha.